Mshahara wa Mama Fabiola

Jumatano asubuhi, Damiani alivaa koti la kanisani.

Hilaria, mke wake, alikuwa anakunywa uji, na uji ukamshinda. Koti lile lilitoka sandukuni Krismasi, Pasaka na siku za mazishi. Leo haikuwa sikukuu, na Bagara nzima hapakuwa na msiba.

"Nakusindikiza kazini," Damiani alisema. "Nataka kuongea na meneja wako."

Alieleza huku akihangaika na kifungo kimoja kilichobaki. Vingine vilishadondoka, na mwaka ule madukani hukupata kifungo hata kwa kuhonga. Jana jioni alikaa kilabuni na Paskasi. Paskasi na Hilaria walikuwa wanapima magunia ya maharage na mahindi kwenye ghala moja, kila mmoja na mizani yake, saa zile zile, vumbi lile lile. Pombe ilipomkolea, Paskasi akautaja mshahara wake.

"Hela unayoniletea wewe, yeye anaizidi kwa shilingi mia nne," Damiani alisema. "Mia nne, Mama Fabiola. Kwa sababu ya ndevu? Na zenyewe hana."

Hilaria alimwomba aachane nayo. Wanawake wote pale ghalani wanapata pungufu, alimwambia, nani hajui? Akamkumbusha Skolastika, mchambuaji wa maharage, aliyeuliza kwa nini wanaume wanaochambua pamoja naye wanalipwa zaidi. Aliambiwa maharage yamekwisha, aende nyumbani. Siku hiyo maharage yalikuwa yamejaa mpaka yanagusa bati.

"Skolastika aliuliza peke yake," Damiani alisema. "Wewe una mume."

Wakatoka.

Damiani alikuwa mtu wa haraka, lakini asubuhi ile alitembea kama amebeba trei ya mayai. Alimsalimia kila aliyepita. Alisimama kuulizia hali ya ng'ombe wa mtu ambaye hata hawakuwa na mazoea naye. Kwenye foleni ya sukari, Mama Yoakimu aliliona koti akauliza kama wanakwenda kuoa.

"Naenda kuposa mshahara wa mke wangu," Damiani alijibu.

Foleni nzima ikacheka. Hilaria hakucheka.

Land Rover ya polisi ikapita. Nyuma alikaa mwenye duka mmoja na gunia lake la sukari, wote wawili wamefungwa kamba. Kicheko kikakatika, watu wakatazama chini. Siku hizo mtu ukionekana una zaidi ya unachostahili, ulikuwa na maswali ya kujibu.

Walipofika kwenye daraja dogo, Damiani alisimama.

"Au kuna jambo unataka kuniambia kabla hatujafika?"

Hilaria alimfikiria Fabiola. Binti yao alikuwa kidato cha pili, bweni, kwa masista upande wa Dareda. Damiani aliona darasa la saba linamtosha msichana, na tayari alishaanza maongezi na mwanamume mmoja wa Sigino mwenye trekta na wake wawili. Alilegea tu Hilaria alipomwambia kwamba masista watamsomesha bure.

"Nikifukuzwa kazi, Fabiola atarudi nyumbani," Hilaria alisema.

"Arudi kwa nini? Si masista wanamsomesha bure?"

"Ni bure. Lakini kuna sabuni, Baba Fabiola. Kuna madaftari. Kuna nauli."

"Sabuni," Damiani alisema, akatikisa kichwa kwa huruma. Akamshika mkono wakavuka daraja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, mbele za watu.

Kwenye geti la ghala, Hilaria alisema tumbo linamuuma. Warudi, waje kesho. Damiani alimtazama muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kutafuna.

"Huna la kuniambia kabisa?"

"Sina."

Akamkung'uta vumbi begani, akaenda kupiga hodi kwa meneja.

Bwana Theodori aliwakaribisha bila kuinuka. Damiani aliongea vizuri, kwa adabu, kuliko alivyowahi kuongea mkutanoni. Mizani ni zile zile, alisema. Magunia ni yale yale. Kama mwanamke anaweza kuipima kilo mia moja ikawa kilo mia moja, kwa nini shilingi yake iwe ndogo? Hilaria alibaki amesimama mlangoni. Kila sentensi ya mume wake ilikuwa ya kweli, na kwa kila moja alisogea nyuma kidogo.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja uso. Akamtazama Hilaria, kisha akamtazama Damiani.

"Pungufu? Hao wachambuaji, sawa, sikatai. Lakini wapima mizani wote, makao makuu kule Arusha waliwasawazisha tangu mwaka juzi. Mkeo anapata sawasawa na Paskasi, mpaka senti ya mwisho."

Uani mtu alitupa gunia chini.

"Najua, mzee, Paskasi aliniambia jana," Damiani alisema, bila kugeuka nyuma. "Njia nzima nilikuwa nampa nafasi aniambie mwenyewe."