Kifungo cha Koti la Daktari

Kalamu ilikuwa mkononi mwa mzee kwa saa nzima, na subira ilikuwa imemwisha binti yake.

"Baba, tia sahihi fomu ya upasuaji basi! Mshipa mkuu wa damu tumboni umetuna kama ngumi. Ukipasuka, hatutafika hata kwenye geti la hospitali hii."

"Hauniumi."

"Ukianza kuuma tumeshachelewa!"

Mzee, fundi cherehani, alitia pamba masikioni. Hii ilikuwa mara ya tatu kuja hapa, na kila mara alikuwa na lake jambo. Kwanza ni miaka yake sabini na tisa, kisha ile miezi mitatu ambayo angeuguza kidonda cha upasuaji bila kukanyaga cherehani. Leo alikuwa anamkodolea macho daktari wa upasuaji, kifuani.

"Hicho kifungo cha koti umekishona mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Asubuhi, haraka haraka."

"Kinaning'inia."

"Baba, jamani!" Binti alifunika uso kwa viganja. Alipofunua, baba alikuwa ameshakinyofoa kifungo cha watu. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa shati lake, akaiweka juu ya fomu.

"Kishone tena. Polepole."

Daktari alimtazama binti, akavua koti, akaketi, akashona. Mzee aliinama akifuata kila mchomo, hata akasahau kubishana.

Kisha akakivuta kifungo kwa nguvu zake zote. Akakivuta tena. Hakikulegea.

Alilegeza mkanda, akapandisha shati.

"Nionyeshe utaanzia wapi."