Mikia ya Maneno

"Kina ni -nde," alisema Shariff, malenga wa Majengo. "Ukishindwa kutunga kwa kina hicho, shairi la harusi ya dada yako na mpwa wangu nitalisoma mimi kesho. Nyinyi watu wa mlima mnajua kahawa, si vina."

Nilicheka, nikabonyeza kitufe. Programu niliyoiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya chuo iligeuza kila neno la kamusi niliyoiingiza humo nyuma mbele, kisha ikayapanga yote kialfabeti. Herufi za kijani zikateremka kiooni: ednapu, ednet, ednup. Maneno yenye mwisho mmoja yalikuwa yamekusanyika. Programu ikayageuza tena: upande, tende, punde.

Shariff aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

"Ati mashine inajua vina?" Kisha akajinyoosha, akatabasamu. "Imekupa mikia tu, kijana. Ng'ombe yuko wapi?"

"Huyu hapa, mzee."

Nilizima kompyuta, nikasimama, nikaanza kughani.

Ubeti wa kwanza ulipoisha, alikuwa anaangalia dirishani. Katika wa pili, pete yake ya fedha ilianza kugonga meza polepole, ikifuata mizani yangu.