Mashine Inayofua Nepi

Sheria ya haki za wagonjwa haina kona: mashine ya hospitali ikikupa majibu ya uongo, inakuja kukutumikia nyumbani kwa idadi ya siku ulizoishi na hofu. Mimi niliishi siku arobaini na moja nikiamini nina saratani ya titi, mpaka mashine yenyewe ikatangaza kwamba imekosea. Uvimbe ulikuwa maziwa yaliyoganda tu.

Basi ikaletwa kwangu, ndefu, nyeupe, na adabu zake zote. Wiki ya kwanza niliitesa kwa makusudi. Ilikuna nazi saba, ikafua nepi za mwanangu Tunu, ikapanda kufagia paa ambalo halijafagiwa tangu nyumba ijengwe. Wiki ya pili tulikuwa tunacheka pamoja. Jirani yangu Mwantumu akashindwa kuvumilia.

"Shoga, sisi wenye matiti mazima tunafua wenyewe!"

Siku ya arobaini na moja nilipika pilau ya kuagana. Gari la hospitali lilikuwa limeshafika mlangoni.

"Nimekuzoea mwenzangu," niliiambia. "Kosea tena basi, ubaki."

Ilikuwa inapangusa sahani. Ikaiweka chini taratibu.

"Mama Tunu, kila siku nakutazama ukinyonyesha. Twende wote kwenye gari, upimwe na mashine nyingine. Sina hakika tena kama nilikosea mara ya kwanza, au mara ya pili."

Nilicheka. Kisha nikasubiri nayo icheke.