Kapteni

"Unataka kuvua samaki gani?" mama wa dukani alimuuliza.

Mzee hakutaka samaki. Alitaka kitu cha kushika, ili kesho akienda ziwani asionekane mtu aliyekuja kumpeleleza mkewe.

"Wowote," akajibu. "Nipe fimbo ya bei ya chini kabisa. Sijawahi kuvua."

Mama wa dukani alikuwa mnene, miwani kaipandisha juu ya paji la uso. Alimtazama mteja wake kuanzia kofia hadi viatu. Mzee akauzamisha mkono wa kushoto ndani zaidi ya mfuko wa koti. Ulikuwa umelegea tangu alipopata kiharusi, na mguu wa upande huo nao ulikuwa haumtii. Dereva wa lori, mtu aliyezeekea barabarani, akawa mtu wa kitanda na kiti. Daktari alimwambia atembee. Mkewe akambembeleza, akachoka. Yeye hakutaka kuonewa huruma na majirani, na hadi siku hii ya dukani hakuwa amevuka geti la nyumba yao.

Basi huko ndani alikokaa ndiko alikoanza kuona mambo.

Kila Jumamosi alfajiri mkewe alivaa kofia pana, akatoka huku akiimba puani. Mzee akimuuliza anakwenda wapi, humjibu, "Natembea tu."

"Peke yako?"

"Kwani wewe utakuja?"

Alirudi na harufu ya ziwa, na viatu vyenye magamba ya samaki akavivua palepale mbele ya kiti cha mumewe. Kisha ikaja ile simu. Mkewe aliipokelea jikoni, mlango wazi, sauti juu kama anaongea na kiziwi: "Ndiyo, Kapteni. Hapana, hajui lolote. Jumamosi, palepale kwenye gati bovu."

Kapteni! Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa yameshaanza kunguruma.

"Hii je?" Mzee alinyoosha kidole kwenye fimbo nyeusi inayong'aa.

"Hiyo itakula pesa yako bure. Mtu anayeanza anachukua hii ya faiba, imzidi urefu kidogo. Inapinda, haivunjiki ukikosea." Mama aliitikisa, ncha ikachezacheza. "Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye fimbo. Usibane kwenye gurudumu la kukunjia mshipi. Sikiliza."

Alizungusha gurudumu moja karibu na sikio la mzee. Likakwaruza kama lina mchanga. Akazungusha jingine, likaenda laini, halina kelele.

"Hilo zuri litakuwa ghali," mzee alisema.

"Una kiasi gani?"

Alitoa noti zilizokunjamana, akiba aliyoificha hata mkewe asiijue. Mama wa dukani akazitazama. "Basi hiyo ndiyo bei yake, pamoja na ndoano na chubwi la kuzamisha mshipi."

Mzee aliingiwa na shaka. Katika miaka yake yote ya kununua vipuri hajapata kuona muuzaji anayepima bei kwa mfuko wa mteja. Kitu hiki ama ni kibovu, ama cha wizi. Akiwa bado anawaza, mama akafunga gurudumu kwenye fimbo, mpini wake wa kuzungushia ukielekea kushoto.

"Niwekee kulia."

"Kushoto, mzee. Zungusha polepole, utazoea."

Mkono ule hakuwa ameutoa mfukoni hata mara moja. Nani kamwambia huyu mwanamke?

"Na watu wanavulia wapi?" aliuliza, akijifanya hajali.

"Gati bovu. Matete yamejaa, mtu akitaka kivuli anajibanza tu."

Alitoka dukani akiamini kwamba mji mzima unajua, ila yeye.

Jumamosi, geti lilipofungwa nyuma ya mkewe, mzee alihesabu pumzi chache akamfuata. Mguu ulijikokota, hasira ikausukuma. Alipumzika penye ukuta wa duka la mikate, akapumzika tena penye bomba la maji. "Mzee, umeonekana!" majirani walimwamkia. Aliwaitikia bila kusimama. Jasho lilimtoka, lakini alifika.

Alijibanza kwenye matete. Mkewe alikuwa ameketi mwisho wa gati, mshipi majini, kofia imemkaa vizuri kuliko mzee alivyopenda kukiri. Kando yake kulikuwa na viti viwili vya kukunja, vitupu. Kimoja cha Kapteni. Na cha pili cha nani? Ina maana wako wawili?

Mzee aliishika fimbo kama rungu, kwa mikono yote miwili, hata ule uliolegea. Akayapanga maneno. Atamwanza mwanamume kwanza, mke baadaye.

Mbao za gati zikalia. Mtu alikuwa anakuja na ndoo. Mzee akanyoosha shingo aione sura yake.

Alikuwa mama wa dukani, miwani juu ya paji la uso.

"Kapteni, karibu," mkewe alisema. "Kaa hiki cha huku. Hicho kingine kina mwenyewe."

Kapteni aliketi, akaweka ndoo chini. "Vipi, leo umepata?"

"Nimepata," mkewe alijibu kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa majini. "Yuko nyuma yetu, kwenye matete. Usigeuke, shoga yangu. Ukimshtua atarudi kitini kwake, na unajua nilivyohangaika kumvusha lile geti."