Amri za Kapteni Verna

Verna aliposimama kugombea ukapteni, mwiko wa mchuzi ulikuwa bado mkononi mwake.

Wanaume waliouzunguka moto walicheka, wakidhani anatania. Miaka yote waliyopiga kambi kwenye shamba lile la Pennsylvania, wakivaa makoti ya buluu na kuigiza vita vya zamani vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, kazi yake ilikuwa kupika na kushona vifungo. Sasa kapteni wao wa zamani alikuwa amehamia Florida kwa sababu ya magoti, na cheo kilikuwa wazi. Hakikuwa na mshahara. Kilikuwa na koti, upanga na lawama nyingi.

"Mama, ukiwa kapteni, maharage atapika nani?" aliuliza Sajini Rusk.

"Utapika wewe. Si una mikono?"

Kicheko kikamgeukia Rusk. Yeye ndiye aliyekitaka cheo, na hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu mambo yanyooke. Alisimama akataja atakayofanya akichaguliwa: mistari iliyonyooka, viatu safi, na Askari Tolliver abaki nyumbani.

Tolliver mwenyewe alikuwa palepale, amekaa kwenye gogo. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, askari wa kawaida tangu siku ya kwanza, asiyewahi kutaka hata ukoplo. Sahani yake ya mchuzi ilikuwa imepoa miguuni pake. Verna alikuwa amembembeleza ale, akamwambia vijiko viwili tu, akaishia kufukuzwa kama nzi. Siku hizi mzee alikuwa akisahau mambo. Kwenye mapigano ya mwezi wa tano alimimina baruti mara mbili katika bunduki moja, na ilikuwa bahati tu kwamba jirani yake alimwona.

"Simchukii," alisema Rusk. "Lakini hapa tunaigiza vita, jamani. Sitaki mtu afe kweli."

Watu walitazama moto. Hakuna aliyemtazama Verna.

"Nikichaguliwa mimi, Tolliver anabaki," alisema Verna. "Hatashika baruti. Atabeba bendera, na atakuwa chini ya amri yangu."

"Verna, cheo hiki unakitakia nini hasa?" aliuliza Rusk.

Verna aliuweka mwiko chini. "Nimechoka kuomba," alisema. "Nataka niseme jambo, lifanyike."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, kama walivyofanya wanajeshi wa kujitolea wa enzi zile. Verna alishinda kwa kura chache. Tolliver alimnyooshea Rusk mkono.

"Mpishi ndiye kapteni?" alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mahema. "Basi tumekwisha."

Walimvika Verna koti la kapteni. Alikuwa ametarajia kufurahi, lakini furaha haikuja. Alisikia uzito wa koti mabegani, basi. Ilikuwa miezi mingi sasa, hakuna kilichomuuma wala kumfurahisha.

Alipopita kukagua mstari, Tolliver alibana visigino na kupiga saluti. Kura yake ilikuwa ya Rusk, lakini kapteni ni kapteni.

Kwa desturi ya kikosi, tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana hakuna anayetoka vitani. Hakuna simu, hakuna saa ya mkononi, na kila mtu huitwa kwa cheo chake. Siku hizo mbili Kapteni Verna hakumpa mzee nafasi ya kupumua.

"Askari Tolliver, kula."

Tolliver akala, akakwangua na sahani.

"Askari Tolliver, vua soksi hizo, zimelowa. Nyoosha mguu. Huo mwingine. Haya, nenda ukalale."

"Ndiyo, Kapteni."

"Cheo kimempanda kichwani," walinong'ona vijana kule nyuma. "Kati ya watu wote, ameamua kumwonea yule mzee!"

Verna aliwasikia. Aliendelea kukagua vifungo vya Tolliver, kimoja baada ya kingine.

Jumapili mchana baragumu lilipigwa. Watu walivua kofia, wakakumbatiana, wakaanza kutafuta funguo za magari. Rusk, ambaye siku za kazi huuza bima, alikuja kumpa Verna mkono.

"Umefanya vizuri kuliko nilivyodhani," alisema. "Sasa vua hilo koti upumzike. Vita vimekwisha."

"Asante," alisema Verna. Hakulivua.

Jumanne asubuhi, Kapteni Verna alifunga vifungo vyote vya koti lile, akavaa kofia, akaingia jikoni. Askari Tolliver alikuwa amesimama mbele ya friji, amevaa nguo za kulalia, kiatu kimoja mguuni, akitazama huku na huku. Alipomwona, alibana visigino na kupiga saluti.

"Keti, askari. Kunywa uji."

Akanywa.

"Dawa hizi hapa. Meza."

Akazimeza zote, hakutema hata moja.

"Kapteni, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema."

"Nina mke nyumbani. Sidhani kama anajua niko wapi. Yule mwanamke ana wasiwasi sana, hatalala."

Kapteni aliinama akamvalisha kiatu cha pili, akafunga kamba polepole.

"Nitampelekea habari," alisema. "Anaitwa nani?"

Uso wa mzee ukachangamka.

"Verna," alisema.