Aliyewahi Kufumua

Sebule ilifurika watu, na tumbo la Zamzam lilijadiliwa kama kiwanja kinachogombewa. Miaka kumi na moja utumbo ulikuwa ukimtesa, sasa lazima ukatwe, na kila aliyenusa habari alikuja na daktari wake. Mwenyewe alikuwa pembeni, akikanyaga cherehani kwa hasira.

"Apasuliwe na Dokta Mbwiga," shangazi Kibibi alisema, sambusa mdomoni. "Mkono mwepesi, tena mtu wa kwetu!"

"Nimeshamwahidi," shemeji akadakia.

Cherehani ikanyamaza. "Umemwahidi tumbo la nani, shemeji?"

Shemeji akainamia sahani ya sambusa; Zamzam akawageukia wote.

"Nimewafuata madaktari wawili, nikawauliza swali moja: mshono wako umewahi kufumuka? Mbwiga wenu akacheka, eti hata siku moja! Yule daktari wa kike kule bondeni akaniambia, mara tatu, na mgonjwa mmoja alikufa. Akanieleza na alipokosea. Mimi nashona miaka ishirini, na kila wiki nafumua. Asiyewahi kufumua ananidanganya. Naenda kwa huyo mwanamke."

"Aliyeua!" Kibibi akapaliwa. "Una wazimu, mwanangu?"

Zamzam akachukua chaki ya kukatia nguo, akasimama mbele yao, akachora mstari juu ya gauni lake, kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Mstari ulinyooka.

"Haya, nani mwingine ana daktari?"

Walitazama tu ule mstari mweupe, ukipanda na kushuka kwa pumzi zake.