Embe la Oliva

Oliva alishuka basi Nakapanya, panga kalifunga ndani ya kanga, akaulizia nyumba yenye mwembe kwa sauti ya mtu anayeulizia duka la chumvi.

Kisa ni embe moja. Jirani yake Fortunata alirudi nalo kutoka msibani huko, akalitoa kwenye pochi na kuliweka mezani kwa Oliva, mtaa wa Mshangano, Songea, mbele ya wageni wa Jumapili. Embe bapa, halina nyuzi, kijani hata likiiva.

"Shoga, embe lako limetembea."

"Nani kakupa?"

"Kuna mama anagawia kila mpita njia. Mwembe uko nyuma ya nyumba yake. Mimi sisemi kitu."

Alikuwa ameshasema. Wageni waliacha kutafuna.

Songea nzima ilijua embe lile lipo kwa Oliva tu. Mathias aliubebesha mche kwa mikono yake mwaka aliomchukua Oliva kwao, akaupa jina la Oliva. Watu waliomba vikonyo, vile vijiti vya kubebeshea vinavyofungwa kwenye shina la mche mwingine, wakaambulia kicheko. "Huu wa mke wangu. Mnataka niwagawie na mke?"

Ndoa ya kanisani iliahirishwa, mara miche haijauzika, mara nyumba haijapakwa rangi. Wenye midomo wakianza, Oliva aliwanyooshea kidole nje. Pete wanazo wengi. Mwembe kama ule anao nani?

Na Mathias kila mwezi huenda Nakapanya kuuza miche. Mwaka huu kaongeza na Mbinga.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene, mikono imejaa unga.

"Karibu, mdogo wangu. Mimi Aurelia. Umekula?"

"Sikuja kula. Mathias wangu kakata kikonyo kwangu akakuletea wewe. Nimekuja kuukata huo mwembe."

Aurelia alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Uko nyuma," alisema. "Pita."

Oliva alilifungua panga. Mathias mwenyewe ndiye aliyemfundisha: mwembe wa kubebeshwa una kovu chini kwenye shina, pale kikonyo kilipofungwa. Ukikata chini ya kovu, embe lile halirudi tena. Wa kwake Mshangano una kovu hilo usawa wa goti.

Akainama, akapapasa. Hakuna kovu. Akazunguka upande wa pili, akapapasa hadi kwenye mizizi. Hakuna. Akajaribu kulikumbatia shina, mikono haikukutana. Mwembe huu haukubebeshwa na mtu. Ulikuwa umeota kwa kokwa, zamani.

Akainua macho. Matawi yalikuwa yamekatwa ncha kwa kisu kikali, huku na huku. Nyingine zilishapona na kuwa nyeusi. Mbili tatu zilikuwa bado zinatoa utomvu.

Nyuma yake Aurelia alikuwa anajipangusa unga. Unga ulipotoka, pete ya kanisani ilionekana, imezama kwenye nyama ya kidole kama waya uliosahauliwa kwenye mti.

"Kata tu, kama utauweza," alisema, akimsogezea kigoda kwa mguu. "Ila niambie kwanza. Wewe ndiye wa Mshangano, au huyu mpya wa Mbinga?"